Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Njia za Miguu katika Milima ya Volkano

Mtu asimamapo ufukoni mwa Ziwa Kivu mjini Gisenyi, akaelekeza macho kaskazini siku ya anga jeupe, huiona milima ya volkano: Nyiragongo upande wa Kongo na, mkono wa kuume, Karisimbi, wenye meta 4,507, juu ya mpaka wa nchi mbili. Wengi wetu hudhani kwamba njia za msituni hujifanya zenyewe kwa kukanyagwa. Historia ya milima hii yatufundisha vingine.

Mwaka 1925 serikali ya Ubelgiji iliitenga milima hiyo kuwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza barani Afrika. Wenyeji waliozoea kukata kuni na kulisha ng'ombe humo walikatazwa. Wataalamu wa kigeni wakaruhusiwa kupita. Baada ya uhuru Rwanda ilirithi sehemu yake, walakini ardhi ilikuwa adimu, na mnamo mwaka 1969 hektari zipatazo 10,000 za msitu zilitolewa zilimwe pareto.

Mageuzi yalianza mwaka 1979, ulipoanzishwa utaratibu wa kuwaongoza wageni kwa miguu wakawaone gorila. Njia hiyo haina alama za kudumu: wafuatiliaji hutangulia asubuhi kutafuta nyayo, na wageni hufuata huko alikokwenda mnyama. Masharti ya leo ni makali. Wageni hawazidi wanane kwa kila kundi la gorila kwa siku, nao hukaa saa moja tu, kwani mafua ya binadamu huweza kumwua gorila.

Matunda yameonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gorila wa safu ya Virunga walikuwa kama 250. Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu 604. Kadhalika, tangu mwaka 2005 asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi ilitengwa kwa ajili ya jamii jirani, na mwaka 2017 ikawa asilimia 10. Rubavu ni miongoni mwa wilaya hizo jirani.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuifundishapo methali hii, yafaa tuwaulize wanafunzi wetu mwenyeji ni nani. Kwetu sisi, ni yule mwenye konde la viazi mpakani, ambaye nyati huvuka ukuta wa mawe usiku na kumharibia. Yeye asipopona, njia hiyo bado haijakamilika.