Reli ya Afrika Mashariki: Stesheni ya Dar es Salaam

Ewe mgeni uliyetoka Mchikichini ukapita Kariakoo na Gerezani, umewasili penye mwanzo wa Reli ya Kati, ambayo Wadachi walianza kuitandika mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita vilivyowaondolea himaya yao. Upana wake ni mita moja, na mataruma yake yalikuwa ya chuma, maana mchwa wa nchi hii hawaujui ustahi mbele ya mti.

Mwaka 1948 Waingereza waliiunganisha na reli ya Kenya na Uganda, likazaliwa Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Hata hivyo abiria wa hapa hakuweza kufika Moshi kwa gari la moshi hadi mwaka 1963, ilipokamilika njia ya Ruvu hadi Mnyusi. Kabla ya hapo, mwaka 1960, mgomo wa wafanyakazi wa reli ulidumu siku 82.

Mwaka 1977 umoja ule ulivunjika, na mgawanyo wa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haukuafikiwa ila mwaka 1984. Katika injini 34 za mvuke za daraja la 59 za shirika lile, zilizoundwa Manchester na kupewa majina ya milima, mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, nazo, ajabu yake, zimebeba majina ya milima ya Tanzania: Gelai na Shengena.