Soka, kandanda au mpira wa miguu? Majina ya mchezo uliofika kreta ya Kilimanjaro

Juni 24, 2017, timu mbili za wanawake zilishuka dimbani katika kreta ya Mlima Kilimanjaro, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, na kucheza dakika 90 kamili. Volcano na Glacier zilitoka suluhu.

Mistari ya uwanja ilichorwa kwa unga juu ya majivu ya volkano, na oksijeni huko juu ni takriban nusu ya ile ya pwani. Pambano hilo, lililoandaliwa na Equal Playing Field kudai usawa wa wanawake michezoni, liliweka rekodi ya dunia ya mechi iliyochezwa juu zaidi.

Wachezaji walitoka mataifa mbalimbali, na kila taifa lina jina lake la mchezo huo. Kwa Lori Lindsey, kiungo wa zamani wa Marekani, ni ‘soccer’. Kwa Mjerumani Petra Landers ni ‘Fussball’, na Wafaransa hufupisha tu kuwa ‘foot’. Chini mjini Moshi, shabiki anayeelekea Uwanja wa Ushirika husema anakwenda mpirani. Gazeti lake litaandika soka, kandanda au kabumbu, na watoto wanaocheza kichochoroni kwa mpira wa makaratasi wanapiga chandimu.

Utata huo ulianzia Uingereza. Chama cha Soka cha England kilipoundwa London Oktoba 26, 1863, ‘football’ lilikuwa jina la michezo mingi ya shuleni, mingine ikiruhusu kuukamata mpira na kukimbia nao. Waliopenda mtindo huo waliunda chama chao cha raga mwaka 1871. Mchezo wa miguu ukatambulishwa kwa neno ‘association’, yaani wa chama, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakalikata neno hilo wakapata ‘soccer’.

Kwa hiyo ‘soccer’ halikuzaliwa Marekani. Waingereza walilibuni, Kiswahili kikalipokea na kulipa irabu, kisha wenyewe wakaliacha. Mwingereza anayewacheka Wamarekani kwa neno hilo angepaswa, kwa haki, kuwacheka na Watanzania.

Limedumu zaidi pale ambapo ‘football’ ni mchezo mwingine. Shirikisho la Marekani liliingiza ‘soccer’ katika jina lake mwaka 1945; la Australia likaliondoa mwaka 2005, ingawa timu ya taifa bado inaitwa Socceroos. Mwandishi anayetafsiri habari za ligi ya NFL kuwa ‘mpira wa miguu’ humpotosha msomaji, kwani mchezo ule huchezwa zaidi kwa mikono.

Nchini, FAT iligeuzwa kuwa TFF mwaka 2004, na hadi leo wengine huandika Shirikisho la Soka, wengine Shirikisho la Mpira wa Miguu. Neno ‘mpira’ peke yake halitoshi: upo wa kikapu, wa wavu na wa pete, mbali na ule wa kumwagilia bustani.

Lipo pia jina la nyongeza. Wanaume hucheza soka. Wanawake hucheza ‘soka la wanawake’. Nyongeza hiyo ina historia. Mwaka 1921 chama cha England kiliwafungia wanawake viwanja vya vilabu vyake, marufuku iliyodumu karibu miaka 50, na Ujerumani Magharibi ikawapiga marufuku kuanzia 1955 hadi 1970. Landers na wenzake walipotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1989, zawadi waliyopewa na shirikisho lao ilikuwa seti ya vyombo vya kahawa.

Mwaka 2018 waandaaji wale wale walipeleka mchezo mahali pa chini kabisa, kando ya Bahari ya Chumvi nchini Jordan. Huko huitwa ‘kurat al-qadam’, yaani mpira wa mguu.