Nani Huandika Michezo ya Vijana Wetu? Historia Fupi ya Habari za Mashabiki, Bukoba na Muleba



1. Utangulizi

Wenyeji wa Bukoba na Muleba wana jina la utani linalojulikana nchi nzima: nshomile, yaani "nimesoma" kwa Kihaya. Swali langu leo linawahusu hao waliosoma. Vijana wao wanaposhindana katika shule na vyuo, ni nani anayeandika habari zao, na kwa Kiswahili gani?

Wengi hudhani kwamba shabiki anayeandika habari za mchezo katika intaneti ni mgeni aliyevamia kazi ya mwandishi wa gazeti. Hoja yangu ni kwamba shabiki huyo ni mrithi wa mwandishi wa kale wa magazeti ya Kiswahili, na kwamba tusipoutunza urithi wake utapotea.

2. Mwandishi aliyekuwapo mahali pa tukio

Gazeti la Kiongozi, lililochapishwa Tanga katika enzi ya Wajerumani, lilitegemea sana barua za walimu na makarani waliokuwa wametawanyika katika vituo mbalimbali. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1923, liliendeleza utaratibu huo kwa habari za miji zilizoletwa na wasomaji wenyewe. Hawa hawakuwa waandishi wa kuajiriwa. Waliandika juu ya watu waliowafahamu na mahali walipoishi, na majirani waliokuwapo waliweza kuwasahihisha. Huo ndio uliokuwa uthibitisho wa habari zao.

3. Habari zahamia Dar es Salaam

Baada ya Uhuru, na hasa kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam tangu mwaka 1965, sauti ya mtangazaji wa mpira ilifika kila kijiji. Kijana wa Muleba ambaye hajawahi kuiona Kariakoo aliweza kutaja kikosi kizima cha Yanga, klabu iliyoasisiwa mwaka 1935, au cha Simba, iliyoasisiwa mwaka 1936. Lugha yetu ilifaidika. Maneno kama kabumbu, kipyenga na mlinda mlango yaliwafikia wasemaji wa lugha nyingi kwa pamoja. Hata hivyo, habari zilisafiri zaidi kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani kuliko kurudi. Magazeti ya michezo yaliyoongezeka tangu miaka ya 1990 yalifuata njia hiyohiyo, kwa kuwa Simba na Yanga ndizo zilizouza nakala.

Chukueni mfano wa tarehe 19 Mei 2018. Siku hiyo Kagera Sugar, timu ambayo uwanja wake ni Kaitaba mjini Bukoba, iliifunga Simba bao 1-0 jijini Dar es Salaam, mbele ya Rais John Magufuli. Nchini kote habari ilikuwa kwamba Simba, bingwa wa msimu, imepoteza rekodi ya kutofungwa. Mwanasarufi atatambua jambo hapa. "Simba imefungwa na Kagera Sugar" na "Kagera Sugar imeifunga Simba" ni sentensi zenye ukweli mmoja, lakini kiima si kimoja. Kiima ndicho kinachotuambia habari ni ya nani.

4. Jina la shule linapotoweka

Ikiwa timu ya Ligi Kuu ilipata nafasi ya namna hiyo, shule itapata nini? Mashindano ya UMISSETA ya shule za sekondari hupanda kutoka shuleni hadi wilaya, mkoa, na hatimaye taifa. Katika ngazi ya taifa, wachezaji huvaa jezi ya mkoa. Kwa hiyo, mwandishi anapowasili katika fainali, kama zile za Mtwara mwaka 2019 au Tabora mwaka 2022, hakuna tena Ihungo wala Nyakato, hakuna Kahororo wala Rubya. Kuna Kagera tu. Upinzani uliowakusanya wanafunzi, wazazi na waendesha bodaboda kandokando ya uwanja umekwisha kabla kalamu haijafika.

Aidha, michezo yenyewe iliwahi kusimamishwa shuleni mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikarejeshwa baadaye. Kwa miaka ile hata cha kuandikwa kilikuwa haba.

5. Kiswahili cha shabiki

Pengo hilo ndilo lililojazwa na mashabiki, kwanza katika majukwaa ya intaneti yaliyoibuka katikati ya miaka ya 2000, kisha katika Facebook na makundi ya WhatsApp ya waliosoma shule moja. Lugha yao ina sifa tatu. Kwanza, hutumia nafsi ya kwanza wingi: "tumefunga", "tumeonewa". Pili, hutaja watu kwa heshima ya nyumbani: gazeti likisema "kocha", wao huandika "Ta", kama Mhaya anavyomwita mzee wake, kisha jina. Tatu, hudhani msomaji anakijua kiwanja na mteremko wake.

Sifa hizo ni nguvu na udhaifu pia. Mara nyingi hakuna tarehe, matokeo hubishaniwa bila shahidi, na matusi si haba. Mwandishi wa habari za miji alijua kwamba anaandika kwa ajili ya wasiomjua. Shabiki wa leo huandikia ndugu zake.

6. Hitimisho

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu vibaya majengo ya Ihungo na Nyakato. Lilitukumbusha kwamba kumbukumbu iliyohifadhiwa mahali pamoja haina usalama. Simu iliyopotea nayo ni jengo lililoanguka.

Napendekeza mambo mawili. Walimu wa Kiswahili wawafundishe wanafunzi kuandika taarifa ya mchezo wa shule yao, yenye tarehe, uwanja, majina na matokeo, na nakala ibaki maktabani. Nasi wa vyuo vikuu tukusanye, kwa ridhaa ya wenyewe, maandishi ya mashabiki kabla hayajafutika. Mwanahistoria wa kesho atakayetaka kujua vijana wa Bukoba na Muleba walicheza vipi, na walisema nini waliposhinda, hataweza kulipata jibu lote katika magazeti ya Dar es Salaam.