Nani Kala Vidaka?

Vijana wenzangu wa Mjini tunamjua kima punju kwa picha za watalii tu. Huko Jozani na Pete ana kesi ya zamani. Punju ni sumu, na jina lenyewe linakwambia wakulima walivyomwona. Mwaka 1868 wataalamu wa London walimpa jina la kisayansi la John Kirk, tabibu wa ubalozi wa Uingereza hapa Unguja. Kesi ikabaki palepale: ati kima anamaliza nazi.

Aliyekuja kuisikiliza ni Thomas Struhsaker, Mmarekani. Huyu bwana miaka ya sitini alikaa Amboseli, Kenya, akisikiliza tumbili, akagundua kwamba mlio wa kuonya chui si wa tai wala wa nyoka. Mwaka 1970 akaingia msitu wa Kibale, Uganda, akakaa karibu miaka kumi na minane, nchi ikipigana na watu wakikimbia. Wanafunzi walimfuata hukohuko. Miongoni mwa waliofanya utafiti Kibale ni John Kasenene na Isabirye Basuta, ambao baadaye nao walifundisha Makerere.

Miaka ya tisini akaja Unguja, pamoja na Kirstin Siex wa Chuo Kikuu cha Duke. Hawakuanza kwa kumtetea kima wala kumkatalia mkulima. Walihesabu. Kima wanakula vidaka, ndiyo, mkulima hakusema uongo. Lakini mnazi huangusha vidaka vingi wenyewe, kima asipokanyaga. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalishangaza: palipoliwa vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalielekea kuwa mazuri zaidi, labda kwa sababu mti ulipunguziwa mzigo. Hebu kamwambie hayo mzee mwenye minazi yake!

Waliona pia kima wanakula mkaa. Majani ya mwembe na mkungu yana lishe lakini yana sumu, na mkaa huinyonya. Kumbe punju mwenyewe anaiogopa sumu.

Siex hakuondoka na nazi. Alirudi kwa kima walewale waliobanwa mashambani msitu ulipokatwa, akaandikia tasnifu yake ya udaktari. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ikawa hifadhi ya taifa, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilipata kima zaidi ya 5,800, karibu mara tatu ya walivyodhaniwa. Baadhi yao wanaishi nje ya hifadhi, kwenye minazi ya watu.