Rangi Ndani ya Mashine

Wazee wetu wa Pangani walikuwa na kipimo chao cha kisukari. Wakiona sisimizi wamejaa mahali mtu alipokojoa, walitikisa vichwa. Sikuwahi kuwadharau, kwa kuwa waganga wa India ya kale waliliona jambo hilo hilo, na katika karne ya 17 daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika kuwa mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu kama asali. Namna alivyojua, ndugu msomaji utajaza mwenyewe.

Mama yangu alipimwa kwa njia ya adabu zaidi. Mwaka 1978 nilimpeleka Bombo, hospitali ya Tanga iliyo kando ya bahari, iliyoanza enzi za Wajerumani. Mpimaji, alipojua kuwa mimi ni mwalimu wa Biolojia, aliniruhusu nisimame pembeni. Alitia matone ya mkojo kwenye neli yenye maji ya buluu ya Benedict, akaipasha moto. Maji hayo nikiyafahamu: yana mrututu, nami niliyatumia darasani kila mwaka. Pasipo sukari hubaki buluu. Ikiwapo huwa kijani, kisha manjano, na ikizidi huwa rangi ya tofali. Ya mama ilifika kwenye tofali. Nilijua jibu kabla mpimaji hajafungua mdomo, na njia nzima ya kurudi Pangani nilijifanya sijui.

Siku zile sukari ndiyo tuliyoiwaza. Figo za mama hatukuzifikiria mpaka miguu yake ilipovimba. Na kipimo cha figo kilikuwa cha zamani. Mwaka 1886 Mjerumani Max Jaffe alieleza kuwa kriatinini, taka ambayo figo nzima huitoa mwilini, ikichanganywa na asidi ya pikriki pamoja na alikali hutoa rangi ya chungwa.

Kazi hii yote ilikuwa ya mikono. Katika miaka ya 1950, Leonard Skeggs wa mji wa Cleveland, Marekani, alibuni mashine iliyosukuma sampuli ndani ya mrija mwembamba, zikitenganishwa kwa viputo vya hewa ili ya mgonjwa mmoja isichanganyike na ya mwingine. Kampuni ya Technicon ilianza kuiuza mwaka 1957. Mashine za leo hunyonya sampuli zenyewe, huichanganya kila moja na vitendanishi, huipitishia mwanga, kisha hupima ni mwanga kiasi gani uliomezwa na rangi. Kwa figo, nyingi bado hutumia rangi ile ile ya Jaffe. Kwa hiyo rangi haikuondoka. Ila sisi hatuioni tena, tunapewa namba.

Jambo hili nililijua kwa gharama. Miaka michache iliyopita, nami nikiwa na kisukari kama mama, hospitali moja ambayo sitaitaja ilinipa karatasi iliyochapwa vizuri: kriatinini yangu ilikuwa imepanda kiasi cha kuzungumziwa kusafishwa damu. Usiku ule niliwaita wanangu, nikawaeleza mipaka ya shamba na madeni yangu.

Kesho yake kijana wa maabara alinipigia simu. “Shikamoo, Mwalimu. Naomba urudi tutoe damu upya.” Alipoingia zamu alikuwa amepitia daftari, akaona kuwa karibu kila aliyepimwa siku iliyotangulia alikuwa na figo mbovu, hata vijana waliokuja kupimwa afya ili waajiriwe. Akapitisha sampuli ya udhibiti, ile ambayo kiwango chake kinajulikana tangu kiwandani. Mashine ikaisoma karibu mara mbili. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na asubuhi mashine ikawashwa na kutumiwa bila kusawazishwa upya. Damu yangu ya pili ilionyesha kasoro ndogo tu.

Siilaumu mashine. Laiti ingalikuwapo mapema kwa mama. Lakini nakumbuka nilivyowalazimisha wanafunzi wangu kuchemsha neli mbili: moja ya sampuli, nyingine ya maji matupu, ili wajue kama dawa yenyewe ni nzima. Wengi waliona ni kupoteza muda, nami niliwakata alama. Kijana yule hakupita mikononi mwangu, lakini yuko mwalimu aliyewahi kumkata alama. Namshukuru, popote alipo.