Kufuli na Amana: Tafakari ya Historia Kutoka Bukoba na Muleba

Tangu binadamu alipopata kitu cha kuficha alihitaji kufuli, na tangu alipopata kufuli alianza kuogopa kupoteza ufunguo. Hofu hizi mbili zimefuatana katika historia kama mtu na kivuli chake. Aliye ndani huomba mlango uwe mgumu. Aliye nje, hata akiwa ndiye mwenye nyumba, huomba mlango uwe mwepesi. Mhunzi hawezi kuwaridhisha wote wawili kwa chuma kimoja. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba shida hii, ambayo wanafunzi wangu hudhani imezaliwa na simu janja, ni shida ya kale, na kwamba nchi ya Bukoba na Muleba imepata kuionja mara nyingi kwa sura mbalimbali.

Yafaa nianze na kisa changu mwenyewe, maana ndicho kilichonilazimisha kuyatazama upya mambo niliyokuwa nikiyafundisha kwa wepesi. Nilikuwa Kamachumu, katika wilaya ya Muleba, nikikusanya masimulizi ya wazee. Siku ya kwanza mzee mmoja alinieleza habari za wapiga enanga aliowasikia ujanani mwake. Siku ya pili alinieleza jambo zito zaidi: namna shamba la migomba la babu yake lilivyoingizwa katika nyarubanja, utaratibu wa umwinyi wa ardhi ambao sheria za miaka ya 1960 ziliukomesha. Alitaja majina. Alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, haya nakupa wewe. Wenye majina haya wana wajukuu, na wajukuu hao ni majirani zangu. Yasisikike nikiwa hai.” Nilimwahidi. Sauti yake yote ilikuwa ndani ya simu yangu.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimebadili namba ya siri ya simu hiyo kwa kuogopa wezi. Mchana kutwa niliifungua kwa kidole, wala namba mpya sikuitumia hata mara moja. Jioni umeme ulikatika na simu ikazimika. Nilipoiwasha siku ya pili yake mjini Muleba, ilikataa kidole changu, kwani simu iliyozimika haikubali alama ya kidole mpaka kwanza ipewe namba. Namba nilikuwa nimeisahau. Nikajikuta mlangoni pa nyumba yangu kama mgeni, na ndani mna amana ya mtu mwingine.

Katika basi la kwenda Bukoba, tulipokuwa tukipita Kemondo na ziwa likionekana, nilikumbuka kwamba mji nilioukabili ulipata kupigwa vita kwa ajili ya chombo cha habari. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, palikuwa na mnara wa simu ya upepo uliopeleka habari hewani. Mwezi wa Juni, mwaka 1915, majeshi ya Kiingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakapigana, na tarehe 23 yakauteka mji. Shabaha yao kubwa haikuwa kukaa, bali kuuvunja mnara. Waliuvunja, kisha wakaondoka. Hapo twajifunza somo la kwanza: mwenye nguvu akiona chombo cha habari kiko mikononi mwa mwingine, huona heri kivunjwe. Lakini dawa hiyo yamfaa adui peke yake. Mwenye amana hawezi kuitumia bila kujidhuru.

Somo la pili latoka katika kahawa. Zao hili ndilo lililoleta fedha, shule na karatasi katika nyumba za Wahaya. Na mwaka 1950 wakulima waliunda chama chao kikuu cha ushirika cha Bukoba. Palipo na mauzo pana daftari, na palipo na daftari pana swali la kumtambua mwenye mali. Katika zama hizo asiyejua kuandika alitia dole gumba. Dole lile lilikuwa sahihi yake, na lilikuwa na fadhila kubwa: halisahauliki nyumbani. Lakini lilikuwa na upungufu ambao wakati huo haukuonekana. Sahihi iliyoibiwa yaweza kubadilishwa, kidole hakibadilishwi.

Somo la tatu ni la majonzi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Siri ya mwili ikawa jambo la kufa na kupona. Jina la mgonjwa likivuja, jirani aliacha kununua ndizi zake na wachumba wa binti yake waligeuka nyuma. Walakini bila kuandika habari za wagonjwa na jamaa zao, serikali na waganga wasingejua ukubwa wa msiba wala namna ya kusaidia. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia walishirikiana kuzichunguza kaya zaidi ya 900 za mkoa huo: chakula, mashamba, vifo, yatima. Watafiti walirudi mwaka 2004, na tena mwaka 2010, kuwatafuta watu walewale, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kuhama. Zingatia ugumu wa kazi hiyo. Ili kumpata mtu baada ya miaka kumi na zaidi, hapana budi jina lake lihifadhiwe. Ili asidhurike, hapana budi wanazuoni wanaosoma habari zake wasilione. Njia ilikuwa kutenga vitu viwili: majina upande mmoja kwa wachache wenye haja nayo, tarakimu upande wa pili kwa wote. Huko ndiko kufunga na kufungua kwa wakati mmoja. Naliona kuwa mojawapo ya mambo ya maana ambayo Kagera imeifunza elimu ya dunia, ijapokuwa halisemwi sana.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania, na muda si muda simu ikawa mfuko wa fedha. Mkulima wa Nshamba akapokea malipo bila kufunga safari ya kwenda benki. Kuanzia mwaka 2019 wenye laini walitakiwa kuzisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na muda wa kufanya hivyo ulikoma mwezi wa Januari, mwaka 2020. Dole gumba la daftari la kahawa likarudi kwa mlango mwingine.

Ni vema msomaji ajue kwamba simu ina makufuli zaidi ya moja. Laini ina lake: ukikosea namba yake mara tatu hufungwa, na hufunguliwa kwa namba ya PUK yenye tarakimu nane, ukikosea hiyo mara kumi, laini hufa kabisa. Mfuko wa fedha una namba yake mbali. Kioo cha simu kina kufuli la tatu, nalo ndilo lililonishinda. Namba ya tarakimu nne ina njia 10,000 tu, na mtu mwenye subira angeweza kuzijaribu zote. Kwa sababu hiyo simu huchelewesha kila kosa kuliko lililotangulia. Zaidi ya hayo, katika simu za siku hizi namba ya siri haifungui mlango tu. Huchanganywa na siri iliyofichwa ndani ya chombo, na mchanganyiko huo ndio ufunguo wa fumbo lililoandikiwa kila kilichomo. Pasipo ufunguo, aliyeng'oa kumbukumbu ya simu atapata maandishi yasiyosomeka.

Mwaka 2016 jambo hili liliwashindanisha wakubwa wa Marekani. Polisi wa upelelezi wa FBI walikuwa na simu ya muuaji wa San Bernardino, nao wakapata amri ya mahakama kuitaka kampuni ya Apple itengeneze njia ya kuifungua. Apple ilikataa, ikisema kwamba ufunguo ukiisha kutengenezwa kwa simu moja utatafutwa kwa simu zote. Shauri lilikoma kabla ya kukatwa, kwani watu wengine waliwasaidia wapelelezi kuifungua simu ile. Kila upande ulikuwa na haki yake, nami sikuona shida hiyo kuwa ya mbali tena, maana mimi nilikuwa pande zote mbili kwa mara moja: mtunza siri, na mtu anayetaka mlango uvunjwe.

Mjini Bukoba nilielekezwa kwa fundi kijana karibu na soko. Alinipokea kwa adabu. “Shikamoo mwalimu. Iache na laini yake mpaka kesho. Tutafleshi, au tutajaribu njia nyingine.” Nilimwuliza kama vilivyomo vitapona. Akasema huenda, akifaulu kwa njia hiyo nyingine. Kisha akavuta daftari la shule, akaniomba jina, namba ya simu na namba ya siri ya akaunti yangu. Nilichungulia ukurasa ule. Ulikuwa umejaa majina ya wateja, na mbele ya kila jina siri yake, kwa wino wa buluu. Hakuwa mwovu. Alikuwa mtu mwangalifu aliyetaka kuwarahisishia kazi watu waliosahau. Lakini daftari lile lilikuwa wazi mezani, na mjukuu yeyote wa mtu yeyote angeweza kulisoma.

Niliondoka na simu yangu. Sikulala usiku ule. Tamaa ya mtafiti iliniambia: sauti ya mzee haipatikani mara mbili, mpe kijana ajaribu. Ahadi iliniambia: majina yale hukupewa ili uyaweke mezani pa mtu. Asubuhi nilitoa laini nikaitia katika simu ndogo ya vitufe ya jamaa yangu, nikatoa kadi ya kumbukumbu, kisha kwa vitufe vya pembeni nikaifuta simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ilipowaka ilidai akaunti iliyokuwamo kabla ya kufutwa. Kinga hiyo imewekwa ili mwizi asifaidike kwa kufuta. Neno la siri la akaunti nalo sikulikumbuka vema; nikaomba tarakimu za uthibitisho, zikaja kwa ujumbe katika simu ndogo, nami nikaingia.

Ndipo nilipohesabu faida na hasara. Majina ya watu na picha, ambazo nakala zake zilikuwa katika akaunti, zilirudi. Mazungumzo ya siku ya kwanza, yaliyohifadhiwa katika kadi, yalikuwa mazima. Ya siku ya pili, yaliyohifadhiwa ndani ya simu yenyewe, yalipotea moja kwa moja. Na hapa pana jambo la kufikiri. Kadi ile haikuwa na kufuli lolote. Kilichookoka ni kile ambacho mwizi yeyote angekisikiliza. Tena laini yangu haikuwa na namba ya siri. Aliyeiokota angeletewa tarakimu zilezile nilizoletewa mimi. Nilikuwa nimetia komeo la chuma mlangoni na kuuacha ufunguo juu ya kizingiti. Sijilaumu kwa kufunga. Najilaumu kwa kufunga pasipo mpango wa kufungua, na kwa kutotengeneza nakala ya pili, iliyofungwa vema, mahali pa amani.

Sheria yetu haikunyamaza katika mambo haya. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 yampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeunda Tume ya kusimamia hifadhi hiyo, nayo yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali lililotajwa, zisizidi haja, na zitunzwe salama. Ukilipima daftari la fundi kwa kipimo hicho utaona kasoro yake. Lakini ukiipima simu ya mwanachuoni aliyebeba majina ya watu barabarani bila nakala na bila tahadhari, je, utaona nini? Sheria humwangalia kila mwenye kushika habari za mwingine. Sisi tunaozikusanya kwa jina la elimu hatuna msamaha wa pekee.

Nilirudi Kamachumu baada ya wiki mbili, nikamwambia mzee ukweli wote. Alisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo hakuna aliyesikia?” Nikasema hakuna. “Nawe huna kitu?” Nikasema sina. Alicheka kidogo, akaagiza kahawa ya kutafuna, akasimulia upya. Safari hii majina mawili hakuyataja, na moja aliliongeza. Sikumwuliza sababu. Niliandika kwa mkono, majina katika daftari moja na habari katika jingine, kama walivyofanya watafiti walionitangulia katika mkoa huo.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huingia mtungini kila siku, nayo haisemi. Mwanahistoria ni kata. Asipoingia, maji hayatoki. Akivuja, hatachota tena. Anayejifunza kazi hii na ajifunze kwanza kufunga, kisha ajifunze kufungua, na baina ya hayo mawili asisahau kwamba kilichomo ndani si chake.