Garsen na Kipini: Mipango ya makao bahari inapopanda

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi karibu na Kipini. Unapopita Garsen hutawanyika katika delta yenye maziwa, vinamasi, mashamba ya mpunga na malisho. Mwaka 2012, hekta 163,600 za delta hiyo ziliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu.

Wakazi wa tambarare hii wanakabiliwa na maji kutoka pande mbili, na mpango wowote wa makao utakaoangalia upande mmoja pekee hautawafaa.

Upande wa kwanza ni bahari. Ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la kimataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi ilieleza kuwa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018. Kufikia mwaka 2100, huenda ukapanda kwa sentimita 28 hadi 55 iwapo gesi chafu zitapunguzwa mno, au sentimita 63 hadi 101 iwapo zitaendelea kuongezeka kwa kasi.

Mjini Mombasa, ukuta ulijengwa mbele ya Fort Jesus kuzuia mawimbi. Katika Delta ya Tana, ukuta wa aina hiyo hauwezi kutosha, kwa kuwa bahari haivamii ufuo tu, bali pia huingia kupitia mlango wa mto.

Kijiji cha Ozi ni mfano ulio wazi. Kwa vizazi vingi, wakulima wa huko walitegemea maji kujaa na kupwa. Bahari ilipojaa, iliyasukuma maji baridi ya mto hadi kwenye majaruba ya mpunga. Mto unapopungua nguvu, kinachosukumwa mashambani ni maji ya chumvi. Mpunga na miembe huharibika, na visima vifupi hugeuka chumvi.

Nguvu ya mto hutegemea pia yanayotendeka mbali na pwani. Mabwawa matano ya umeme ya Seven Forks, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981, huzuia maji na udongo ambao awali uliinua ardhi ya delta. Jiji la Nairobi nalo huteka maji yake mengi kutoka vijito vya Tana.

Upande wa pili ni mafuriko ya mto wenyewe. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilisababisha hasara kubwa, na wakazi walihama tena mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024. Novemba 2023, maji yaliikata barabara ya kutoka Garsen kuelekea Lamu.

Kutokana na hali hiyo, hatua kadhaa ni muhimu. Kwanza, nyumba, shule na zahanati zijengwe kwenye miinuko, juu ya alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa. Pili, barabara zipewe madaraja na makalvati ya kutosha, kwani tuta lisilo na njia za maji hugeuka bwawa na kuzamisha vijiji vya upande wa juu. Tatu, mikoko na vilima vya mchanga vya Kipini vihifadhiwe, maana hupunguza nguvu ya mawimbi. Nne, vyanzo vya maji ya kunywa vitafutwe mbali na mlango wa mto. Tano, mabwawa yafunguliwe kwa kiasi na kwa wakati unaojulikana, ili mto uendelee kuisukuma chumvi baharini bila kuwafurikisha wakazi.

Hata hivyo, ugumu mkubwa umo katika ardhi. Miinuko ni michache, na wafugaji wa Orma na Wardei huitegemea kukimbizia mifugo yao wakati wa mafuriko. Kijiji cha wakulima wa Kipokomo kikihamishiwa huko bila maafikiano, njia za mifugo huzibwa. Mapigano ya 2012 na 2013, ambamo watu zaidi ya 100 waliuawa, yalihusishwa pia na mizozo ya malisho na maji.

Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uliozinduliwa mwaka 2015 ulikusudiwa kuzitengea jamii hizo nafasi zao. Aidha, sheria ya mwaka 2019 inazipa kaunti mamlaka ya kupanga miji na matumizi ya ardhi. Serikali ya Kaunti ya Tana River, yenye makao Hola, ndiyo inayopaswa kuamua ni miinuko ipi itajengwa na ipi itaachiwa mifugo, kabla maji hayajawasukuma wote mahali pamoja.